Amekomaa, amepevuka au nini? Nimekwama kwenye ripoti ya mwanafunzi

Mwalimu wa Zamu:

Habari zenu wanajamvi. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Morogoro, na wiki hii Kiswahili chenyewe kimeniumbua.

Nina binti mmoja Kidato cha Kwanza. Alipokuja Januari alikuwa wa kudakia maneno ya wenzake, na akikosolewa ananuna mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Kufika Novemba ni mwingine kabisa. Anasubiri zamu yake ya kusema, anauliza kwa upole, hata insha zake zimenyooka; zile sentensi za mistari sita zisizo na nukta sizioni tena. Basi kwenye ripoti, sehemu ya mwalimu wa darasa, ambayo ni mstari mmoja tu, nikaandika: "Amekomaa sana mwaka huu."

Jumatatu mama yake huyo hapo, ripoti mkononi. Anauza mboga sokoni. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana nilitoka jasho zaidi. "Mwalimu, bamia ikikomaa mteja anaijaribu ncha, akiona haivunjiki anairudisha kwenye fungu. Jioni naimwaga. Sasa mwanangu wa miaka 14 kakomaa nini?"

Nikakimbilia kusema nilimaanisha amepevuka. Heri ningenyamaza. "Amepevuka? Na wewe umejuaje?" Mimi ni mwanamume, mnielewe.

Nimeahidi kuiandika upya kabla ya Ijumaa. Natafuta neno la mtoto aliyekua akili na adabu kwa pamoja. Kamusi ninayo, ila nikitafuta komaa inanipeleka pevuka, nikienda pevuka inanirudisha komaa.

Mkwezi wa Pangani:

Pole mwalimu, ila huyo mama ana haki yake.

Kwetu nazi inabadili jina kwa umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Safari hiyo ni karibu mwaka mzima. Iliyokomaa ukiitikisa unasikia maji yanacheza, maana yamepungua ndani. Dafu limejaa, halisemi kitu. Mtu akikwambia nazi zako zimekomaa, amekusifu, kwa sababu koroma ukilikuna hupati tui la maana. Bamia ni kinyume, tunaila ingali changa. Kwa hiyo komaa si sifa wala si tusi mpaka ujue kile kitu unakitakia nini. Ugonjwa nao hukomaa. Sura ya mtu ikikomaa, ujue shida zimemtembelea. Mimi nikilisikiliza hilo neno nasikia "koma" ndani yake: kitu kimefika mwisho wake. Mtoto wa miaka 14 kafika mwisho gani?

Pevuka ni habari nyingine, na hapa msiniharakishe. Embe lililopevuka bado la kijani, bado kali. Lakini kokwa limekaza, na ukilivundika litaiva. Ambalo halijapevuka ukilivundika linasinyaa tu, unalitoa lina mikunjo kama kiganja cha babu. Yaani aliyepevuka ametimia ndani, utamu bado uko njiani. Mwezi nao ukijaa tunauita mwezi mpevu. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo neno la mwanafunzi wako hasa. Ubaya ni kwamba tumeliachia miili. Siku hizi yai ndilo linalopevuka, msichana ndiye anayepevuka. Ukilitamka mbele ya mama mtu, lazima akutazame mara mbili.

Bi Mkubwa Unguja:

Mwanangu, mbona mnahangaika? Andika "amestaarabika", yaishe.

Dogo wa Kinondoni:

Shikamoo bibi. Akiandika hivyo mama atarudi kesho kuuliza, kwani mwanangu alikuwa mshenzi?

Mwalimu, andika "anajitambua". Kila mtu analielewa. Halafu mtaani kwetu "komaa" maana yake kaza, usikate tamaa. Huyo mama angekuwa dereva wa bodaboda angekushukuru na kukupa lifti.

Bi Mkubwa Unguja:

Marahaba mjukuu wangu. Hilo la kujitambua sisi hatukuwa nalo, mtoto wa namna hiyo tulisema ana utu uzima. Lakini na hilo kwa binti wa 14 naona linamzeesha. Ameerevuka je?

Mkwezi wa Pangani:

Bibi, erevuka lina ujanja ndani yake. Mwerevu leo unamsifu, kesho unachunga mfuko.

Dogo wa Kinondoni:

😂😂 Basi andika "amekua" tu.

Mwalimu wa Zamu:

"Amekua" nililifikiria. Lakini wote wamekua, hata yule wa dawati la nyuma ambaye suruali imemfika nusu ya mguu na akili iko palepale pa Januari.

Ila nimegundua kitu kwa maneno yenu. Kila neno mnalonipa linakuja na jana yake. Amestaarabika, jana alikuwa mshenzi. Anajitambua, jana alikuwa hajijui. Mkwezi, la embe limenikaa sana, nililirudia hadi darasani na nikawaambia watoto kuhusu kokwa. Kwenye ripoti lakini sikuthubutu.

Mwalimu wa Zamu (Ijumaa jioni):

Mrejesho. Niliandika: "Ametulia, anasikiliza kabla ya kujibu." Nikampelekea makamu mkuu wa shule agonge muhuri. Akasoma, akainua miwani: "Ametulia? Kwani alikuwa na fujo?" Nikamwonyesha kwamba mstari umeisha, hakuna pa kuongeza. Akagonga.

Mama kaja saa tisa na ndoo yake ya mchicha kichwani. Akaitua, akasoma ule mstari mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. Kisha kidole kikapanda juu, kikasimama kwenye Hisabati.

"Na hii 38, mwalimu?"