Vijana 18 wa Mbagala, Lushoto hadi Mtae kwa miguu na mabegi mgongoni: niwaandaeje?

Mlezi wa Mbagala

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mlezi wa kikundi cha vijana hapa Mbagala. Wako 18, wavulana 11 na wasichana 7, umri miaka 15 hadi 19. Likizo ya Juni tunataka kutembea kule milima ya Usambara, kutoka Lushoto mjini hadi Mtae kupitia Magamba, Lukozi na Rangwi, siku tano, kila mtu na begi lake. Hatutaki bodaboda itutangulie na mizigo. Wazazi wameafiki, nauli tunachanga kidogo kidogo.

Shida ni kwamba hawa ni watoto wa Dar. Mlima wanaoujua ni ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Wawili wanacheza mpira, hao wanajiona wako tayari hata kesho. Waliobaki wakifika ghorofa ya tatu wanashika ukuta. Viatu ni raba za shule na yeboyebo.

Nina miezi mitatu. Je, niwakimbize kila asubuhi kama watu wanavyonishauri? Kijana wa kilo 48 abebe begi la uzito gani? Na chakula, tubebe cha siku zote tano? Aliyewahi kupita na kundi naomba anisaidie. Naomba kuwasilisha.

Chai ya Rangi

Mkuu, si uwapeleke tu Bagamoyo wakaogelee, wale samaki, jioni mko nyumbani? Juni kule juu ni baridi na ukungu, utarudisha watoto wa watu wanakohoa. Natania, lakini si sana.

Mgumu Mstaafu

Mlezi, nimekusoma. Mimi nilikuwa mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni, Kilimanjaro, nimebeba njia ya Marangu na ya Machame mpaka magoti yakagoma. Siku hizi nasindikiza wanafunzi huko huko Usambara unakotaka kwenda, kwa hiyo nakujibu kwa urefu, nivumilie.

Kukimbia hakudhuru, ila hakumfundishi mtu kubeba. Anayependa akimbie. Wewe watembeze na mabegi, saa nyingi, na viatu vile vile vya safari. Anza na saa mbili za Jumamosi na kilo tatu mgongoni, halafu uwe unaongeza kilo moja moja. Dar hakuna mlima lakini Pugu ipo: shukeni Gongo la Mboto, tembeeni hadi Kisarawe, mrudi kwa miguu. Jua litawafundisha kunywa maji kabla hujafungua mdomo.

Mwezi wa mwisho tafuta wikendi moja ya Morogoro. Treni ya SGR inawafikisha, mnalala mjini, alfajiri mnapanda Uluguru hadi Morningside na mizigo kamili, mnashuka siku hiyo hiyo. Ninachokitaka pale ni ule mteremko. Kupanda kunamaliza pumzi, na pumzi inarudi ukikaa kwenye jiwe dakika kumi. Kushuka kunakula magoti na kucha za vidole gumba, na hizo hazirudi mpaka mfike nyumbani. Njia yenu ya Mtae ni panda shuka mwanzo mwisho. Asiyejua kushuka na begi, kwa hatua fupi na magoti yaliyolegea kidogo, ataumia akiwa na pumzi zake zote.

Sasa viatu, na hapa ndipo safari nyingi zinapofia. Nenda nao Karume kwenye mitumba, tena nenda jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa kutembea. Avae na soksi nene, asukume mguu mbele mpaka mwisho. Nyuma ya kisigino kidole kimoja kiingie. Kisichoingia, aache hata kama kinang'aa. Halafu ujue buti za mtumba zina ugonjwa wao. Soli imekaa stoo huko Ulaya miaka mingi, ukiitazama ni nzima, siku ya pili ya safari inabanduka yote kuanzia kisiginoni. Ndiyo maana nasema zivaliwe miezi miwili kabla, zibandukie Mbagala. Mpe fundi viatu azipige uzi pembeni kuzunguka soli yote. Raba nzuri yenye meno ni bora kuliko buti bovu, wala usione aibu.

Malengelenge: mtu akisema "kisigino kinachoma", simamisha msafara wote hapo hapo. Kinachochoma bado ni wekundu tu. Vua soksi, kung'uta mchanga, kausha kwa leso mpaka ngozi iwe kavu kabisa, bandika ile plasta nyeupe ya rola. Pembe zake zikate mviringo, maana pembe kali inajikunja ndani ya soksi na yenyewe inaanza kuchubua. Dakika tano mmemaliza. Ukimwambia ajikaze mpaka kijijini, jioni ngozi itabaki kwenye soksi na kesho mnabeba mtu na begi lake. Wavulana ndio wanaoficha. Mimi siulizi nani anaumia. Kila mapumziko marefu nasema wote viatu chini, napita naangalia.

Uzito: huyo wa kilo 48 mpe kilo tisa, kumi ndiyo mwisho, maji yakiwemo ndani ya hesabu. Moja ya tano ya uzito wa mwili inatosha kwa kijana asiyezoea. Kule Kilimanjaro kanuni ya hifadhi ni kilo 20 kwa mgumu, na huyo ni mtu mzima anayekula kwa kazi hiyo. Pima mabegi yote kwenye mizani ya dukani kwa Mangi usiku wa kuamkia safari, na upime mwenyewe. Utakuta pasi ya mkaa, utakuta lita mbili za juisi, utakuta spika.

Mabegi ya shule hayana mkanda wa kiunoni, uzito wote unaning'inia mabegani. Nenda gereji omba mikanda ya viti vya magari mabovu, fundi cherehani ashone kila begi mkanda wa kufunga juu ya nyonga. Bei ndogo, tofauti kubwa mno. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, si chini kabisa. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 watu wanalalamika hawana cha kuzuia mvua; ombeni madukani ile nailoni ya ndani ya kiroba cha sukari. Kwenye begi la kijana mmoja inaingia vizuri, na sweta, soksi na blanketi vikae humo na kufungwa fundo. Ukungu wa Magamba unalowesha kama mvua, polepole, na mtoto wa Dar aliyelowa saa kumi jioni kwa upepo ule anaanza kutetemeka na kujikwaa, anajibu ovyo. Hapo huna muda wa kutafuta sweta iliyoloa. Mvalishe kavu, mpe chai yenye sukari nyingi, na asikae chini peke yake.

Chakula nitaandika baadaye, simu inaishiwa chaji.

Nesi wa Korogwe

Mgumu kasema mengi, niongeze ya kwangu. Kaka mlezi, kabla ya yote kaa na kila mzazi peke yake, si kwenye kikao. Kwenye kikao hakuna mzazi atakayesema mwanangu ana selimundu. Mwenye selimundu asiende safari hii bila daktari wake kukubali: baridi, kuishiwa maji na kuchoka sana ndivyo vinavyoamsha maumivu. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni mwake, usiiweke kwenye sanduku la huduma ya kwanza linalobebwa na mtu aliye nusu kilomita mbele.

Homa ya siku ya pili usiiite uchovu. Huko juu malaria ni kidogo kuliko kwenu, lakini wanaweza kupanda nayo kutoka Mbagala. Mpeleke zahanati ya karibu akapimwe. ORS beba za kutosha na vidonge vya zinki. Maji ya mto wanayoyaona meupe wasiyanywe, juu yake kuna ng'ombe na mashamba ya viazi yenye dawa. Chukueni kwenye bomba la kijiji na bado mchemshe au mtie dawa, msubiri nusu saa kama karatasi inavyosema.

Na wasichana 7 wanahitaji mlezi wa kike, mtu mzima. Safari inaweza kuvuruga tarehe, kwa hiyo pedi ziwepo hata kwa asiyetegemea, na asilazimike kukuomba wewe.

Msambaa wa Lukozi

Karibuni sana nyumbani. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo malipo na kibali mmalize Lushoto kabla ya kuingia, msije mkarudishwa kwenye kizuizi na mabegi. Mle ndani hakuna kuwasha moto. Mbega mtawaona kama hamtapiga kelele, kwa hiyo sijui na hiyo spika.

Kila kijiji mnacholala, kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti, na barua yenye orodha ya majina. Vijana 18 wageni wakitokea jioni na mabegi, lazima watu waulize. Rangwi masista wanapokea wageni, ila pigeni simu mapema. Basi la kutoka Mtae linaondoka alfajiri kungali giza, mtu wenu akashike viti jana yake, ninyi ni karibu basi zima.

Mlezi wa Mbagala

Asanteni mno, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Dada nesi, mlezi wa kike nimeshaongea naye leo, ni mwalimu, amekubali. Mzee Mgumu, bado chakula. Nilifikiria tubebe mtungi mdogo wa gesi na maharage, ndiyo rahisi. Na swali jingine: nina kijana mmoja mrefu, ana nguvu, kila tukitembea anatangulia na wenzake wawili, hawaonekani. Huyo nimpe uongozi?

Mgumu Mstaafu

Chaji imerudi. Mtungi acha nyumbani. Ule mdogo una kilo sita za gesi na chuma chake ni kizito kuliko gesi yenyewe. Utamuua mtoto wa watu. Maharage nayo usibebe. Huko juu maji yanachemka yakiwa na joto dogo kuliko Dar, maharage yanakaa jikoni mpaka usiku, mnalala saa sita na njaa.

Mimi nafanya hivi. Usiku mmoja tu, wa pili, vijana wanajipikia wenyewe, kwa kuni zilizonunuliwa kijijini: ugali, dagaa waliokaangwa tayari kutoka Dar, na kabichi ya hapo hapo. Dagaa ni wepesi na hawaharibiki. Hesabu robo kilo ya unga kwa kila kijana kwa mlo, usiamini anayesema hali sana. Usiku mwingine wote lipa mama lishe wa kijiji, apigiwe simu jana yake. Mchana hakuna jiko: chapati, karanga, parachichi, ndizi. Lukozi ni soko la mboga na viazi, mtanunua kwa bei ya shambani. Najua ulitaka wabebe kila kitu, lakini chakula cha siku tano ni kilo nyingine tatu na ushee kwa kila mmoja, na wewe unazo tisa tu.

Huyo mrefu usimpe uongozi wa mbele. Mbele anakaa mtu mzima anayejua njia, wa pili anakuwa yule anayechelewa kuliko wote, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Mwendo unakuwa wake. Siku ya kwanza watanung'unika, siku ya tatu wananyamaza kwa sababu wote wanafika kwa wakati mmoja. Mrefu mweke mwisho kabisa, mpe sanduku la plasta na sufuria kubwa, mwambie hakuna mtu wala kitu kinachobaki nyuma yake. Akihesabu watu 18 kila mapumziko na kukuletea idadi, hatakuwa na hamu ya kukimbia. Na sufuria lile, lipime nalo kwa Mangi, liingie kwenye kilo zake.