Mrejesho: V8 ya boti iliyokuwa ikilegea
Niliuliza kwa nini injini ya boti yangu, V8 (silinda nane) ya petroli ya lita 5.7, inalegea, yaani inapungua nguvu, ikikimbizwa muda mrefu ilhali geji ya joto la maji iko sawa. Ni uhaba wa hewa. Kwa mizunguko 4,800 kwa dakika inavuta hewa karibu lita 13,000 kwa dakika. Matundu mawili ya zamani ya kuingiza hewa kwenye chumba cha injini hayakutosha, hata raba ya kifuniko cha chumba hicho ilikuwa imebonyea kwa kufyonzwa.

Nimeweka midomo miwili ya hewa inayotazama mbele, uwazi jumla sentimita za mraba 300. Bomba la feni ya kutoa mvuke chumbani nimelishusha chini, juu kidogo ya maji ya ngama (yanayojikusanya sakafuni mwa boti), maana mvuke wa petroli hutulia huko. Feni iwe ya boti, isiyotoa cheche. Ya gari ni kiberiti, cheche zake zinaweza kuwasha mvuke. Iwashe dakika 4 kabla ya kupiga stata.