Kulwa anakwenda Nansio

Mama Kulwa: Shikamooni wakubwa. Wifi yangu Minza wa Nansio, kisiwani Ukerewe, nimemwingiza kundini. Kulwa anapanda meli kesho, wiki tatu kwa shangazi yake. Miaka 8, kilo 24, ana kisukari, anachomwa insulini asubuhi na jioni. Kwa Minza hakuna friji.

Nesi Salome: Marahaba. Karibu Minza. Insulini isiingie kwenye begi la mizigo, ikae mkononi. Mama Kulwa, beba vichupa viwili vya kila aina, ya maji inayofanya kazi haraka na ya ukungu inayofanya kazi polepole, kwenye mikoba miwili tofauti. Kimoja kinatosha wiki tatu, ila kioo kikipasuka kisiwani utafanyaje?

Baba Pendo: Na mtu asikuonee huruma akakitia kwenye boksi la barafu ya sangara! Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Ile ya ukungu itakuonyesha: mabonge, au chengachenga zimeng'ang'ania kioo. Ile ya maji maangavu ndiyo mbaya, inabaki inang'aa kama kawaida na ndani haina nguvu.

Minza: Sasa mimi nitaiweka wapi?

Nesi Salome: Vyungu viwili. Kidogo ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga, mwagia maji asubuhi na jioni. Vichupa vitie kwenye kopo kavu ndani ya kile kidogo, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Chungu kinapoa kwa sababu maji yanakauka, kwa hiyo ukikificha kabatini hakifanyi kitu. Ikikaa hivyo ina siku 28 tu, hata ambayo haijafunguliwa. Ikirudi Mwanza usiirudishe kwenye friji ukadhani imepata uhai mpya.

Minza: Na kuchanganya? Wifi kaniandikia asubuhi uniti 4 za maji na 8 za ukungu.

Mwl. Bahati: Hizo ni za Kulwa, wengine msiige. Ya ukungu ibiringishe viganjani mara 20, usitikise. Ingiza hewa ya 8 kwenye ya ukungu, toa sindano bila kuvuta. Hewa ya 4 kwenye ya maji, geuza kichupa juu chini, vuta 4. Rudi kwenye ya ukungu uvute mpaka mstari wa 12. Ukipitiliza, mwaga yote uanze upya, usirudishe kichupani.

Minza: Kwa nini ya maji kwanza?

Mwl. Bahati: Tone la ukungu likiingia kwenye ya maji linaipunguza kasi, na kichupa kizima kinakuwa si cha kuaminika. Na angalia mapovu. Povu halimdhuru mtoto, ila linakaa nafasi ya dawa. Kwenye dozi ya 4, povu la uniti 1 limekula robo. Gonga bomba kwa ukucha, sukuma, vuta tena.

Baba Pendo: Achomwe wapi leo, wapi kesho, andikeni. Watoto wanapenda pale pasipouma, na hapaumi kwa sababu pamevimba mafuta. Dawa ikiingia kwenye uvimbe inatoka inavyotaka yenyewe. Siku ya mpira au kuogelea msimchome pajani, mguu ukifanya kazi unaivuta haraka.

Nesi Salome: Saa ya kuchoma: nusu saa kabla ya kula. Dada Minza, maji ya ugali yakianza kuchemka ndipo uchome. Kama dagaa bado wako sokoni, subiri.

Minza: Bibi yake amemwekea michembe 😅

Nesi Salome: Michembe ni viazi vilivyotolewa maji, kiganja kimoja kina wanga mwingi kuliko kiganja cha kiazi kibichi. Ale badala ya ugali, si juu ya ugali. Sato na dagaa havina wanga, hapo asibanwe.

Mama Kulwa: Sukari ikishuka je? Atakuwa ziwani kutwa.

Nesi Salome: Chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine imeshuka. Jasho, mikono kutetemeka, hasira isiyo na sababu. Kwa kilo zake: vijiko 2 vya chai vya sukari, vya kusawazisha, kwenye maji kidogo. Au robo chupa ya soda. Soda isiyo na sukari haisaidii hata pipa zima, na maziwa au chokoleti vinachelewa kwa sababu ya mafuta. Pima baada ya dakika 15, bado chini ya 4 rudia. Ikipanda, na chakula kiko mbali, kipande cha kiazi.

Baba Pendo: Akizimia au akipata degedege, usimnyweshe kitu, atapaliwa. Mlaze ubavu. Sukari kijiko kimoja uilowanishe kwa matone mawili ya maji, weka chini ya ulimi, na mko njiani kwenda hospitali.

Mwl. Bahati: Majini asiingie kama iko chini ya 5 kabla hajala kitu. Na usiku wa siku hiyo ndio wa kuangalia, misuli inaendelea kunywa sukari akiwa amelala. Mpime kabla ya kulala, ikiwa chini ya 7 apate kikombe cha maziwa na kiazi.

Minza: Zahanati ya huku mashine yao inaandika 126, 140...

Mwl. Bahati: Hiyo ni mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L. 126 ni 7. Na kabla hujashtuka na namba kubwa, uliza kama ametoka kula embe. Utomvu kwenye kidole unaweza kukupa 17 kwa mtoto mwenye 6. Aoshe kwa maji na sabuni, akaushe, upime tena.

Nesi Salome: Akiumwa insulini haiachwi, hata kama hali chakula. Pima kila saa 3. Ikipita 14, mkojo upimwe ketoni, asidi inayojaa mwilini insulini isipotosha. Akitapika zaidi ya mara mbili, au anahema kwa nguvu, hospitali ya wilaya hapohapo, usisubiri asubuhi.

Mama Kulwa: Vijiti vya kupimia sukari nina boksi mbili, jumla 100.

Baba Pendo: Mara 4 kwa siku 21 ni 84. Siku moja ya homa inakula 8. Ongeza boksi.

Minza: Vyungu ninavyo. Mchanga nauchota jioni hii.