Wakili wa kampuni kuendesha na ofisi yake binafsi: iruhusiwe au ikatazwe?

Mwanzisha mada, Kampala

Nianze na kilichonifanya nilete mada hii. Kuna wakati nilikuwa mwanasheria wa kampuni moja hapa Kampala, nimeajiriwa moja kwa moja, mshahara mwisho wa mwezi. Pembeni nilikuwa na ofisi ya uwakili na mwenzangu mmoja, chumba kimoja ghorofani, Nakawa. Mkuu wangu alijua, akanyamaza. Mkataba wangu ulikuwa na sentensi moja tu inayogusa jambo hilo: kwamba nitamtumikia mwajiri kwa muda wangu wote wa kazi.

Mmoja wa wateja wangu wa pembeni alikuwa mama mjane wa Mukono, kesi ya kibanja, yaani kipande cha ardhi anachokalia. Siku ya kwanza kesi ilipoitwa nilikuwa kwenye kikao cha bodi, nikamwomba rafiki asimame aombe tarehe nyingine. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hakimu akakataa kuahirisha, akamwambia mama aendelee mwenyewe. Akasimama kuwahoji mashahidi wa shemeji yake bila kujua aulize nini. Nilifika saa nane mchana, nikamkuta ameketi chini ya mwembe nje ya mahakama, mkoba mapajani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wakili, kumbe una kazi nyingine?"

Sikuwahi kumwambia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kikao chenyewe.

Msimamo wangu ni huu: wakili aliyeajiriwa muda wote asichukue kesi za mahakamani za watu wengine. Kuandika mikataba, kuandaa wosia, kutoa ushauri jioni au Jumamosi, hayo tunaweza kuyajadili. Kesi, hapana. Mahakama zinaketi saa zile zile ambazo mwajiri amezilipia, na mtu hawezi kuwa Nakasero na Mukono saa tatu ya asubuhi moja. Kanuni za mwenendo wa mawakili zinatubana kuhusu siri za mteja, na zinatukataza kuchukua kazi itakayomdhuru mteja wa zamani kwa yale tunayoyajua juu yake. Vizuri. Lakini mgongano wa saa umeachwa mikononi mwa mwajiri na mwajiriwa, na yule anayeumia hayupo mezani wanapopatana.

Wakili, Jinja

Dada, pole kwa yaliyokukuta, na pole zaidi kwa yule mama. Lakini umechukua kosa lako ukaligeuza sheria ya watu wote.

Mimi ni wakili wa kujitegemea, sina mwajiri. Kuna wiki nina kesi Jinja, Iganga na Mahakama Kuu Kampala siku moja. Nafanya nini? Naomba mwenzangu asimame. Mawakili wa ofisi kubwa wanafanya hivyo kila siku, na hakuna anayesema wafungiwe. Kilichokushinda ni kuchukua kesi usiyoweza kuibeba, na hilo linatupata sote.

Tena mambo yamebadilika. Tangu mfumo wa mashauri wa kielektroniki, ECCMIS, uanze mwaka 2022, mahakama zilizounganishwa nao zinapokea nyaraka bila mtu kupanga foleni masjala. Utetezi una siku 15 tangu upokee samansi. Ukiuwasilisha saa nne usiku ukiwa nyumbani kwako Kira, mwajiri amepoteza nini?

Mwanzisha mada, Kampala

Kaka wa Jinja, nyaraka nakubali. Shahidi hahojiwi saa nne usiku. Na tofauti yetu ni hii: wewe ukibanwa na kesi tatu, unachagua mwenyewe uende ipi, na mteja anajua wewe ni wakili wa kesi. Mimi nilikuwa nimeshachaguliwa pa kwenda kabla jua halijachomoza. Bodi ikiita, naenda bodi. Mama wa Mukono alikuwa wa pili kila siku, na alilipa kama wa kwanza.

Niliyewahi kuwa mwanasheria wa benki

Mnazungumza kana kwamba watu wanafungua ofisi za pembeni kwa tamaa. Kumbukeni Oktoba 2016, Benki Kuu ilipoichukua Crane Bank. Januari 2017 ikawa mali ya benki ya DFCU. Mimi nilikuwa benki nyingine, lakini asubuhi ile hakuna aliyefanya kazi ofisini kwetu. Kila mtu alijiuliza: ikiwa ni sisi kesho? Mwanasheria aliyekaa miaka kumi na mbili ndani ya benki hana mteja hata mmoja anayelijua jina lake. Akitolewa, anaanza na watoto wa LDC, chuo cha kuwaandaa mawakili, waliomaliza jana, akiwa na karo ya watoto wake na mkopo wa nyumba.

Mwajiri anadai muda wako wote wa kazi, lakini yeye hakuahidi kukulinda muda wako wote wa maisha. Mshahara ukipita milioni kumi kwa mwezi, kinachozidi hapo kinakatwa kodi ya asilimia 40. Wengi hatufiki hapo, na hata anayefika akiomba nyongeza anaambiwa bajeti imefungwa. Leo unatuambia tusishike hata faili moja la shangazi yetu?

Msomaji wa sheria, Mbale

Nyote mnazungumzia saa na fedha. Mimi naogopa zaidi kichwa cha huyo wakili, kwa maana ya yale anayoyajua.

Chukueni mwanasheria wa kampuni ya bima. Mchana anajua jinsi madai ya ajali yanavyopimwa, kiwango ambacho kampuni hukubali kabla ya kufika mahakamani, daktari gani wanamwamini. Jioni anamwakilisha majeruhi wa boda dhidi ya kampuni nyingine ya bima. Hakuna mteja aliyesalitiwa kwa jina. Lakini maarifa yale aliyapata wapi? Na kesho majeruhi akigongwa na gari lililokatiwa bima kwa mwajiri wake?

Desemba 2017 Mahakama ya Biashara iliziondoa kampuni mbili za uwakili zilizoiwakilisha Benki Kuu katika kesi dhidi ya Sudhir Ruparelia, mwanzilishi wa Crane Bank, kwa sababu ya uhusiano wao wa awali na upande ule. Hizo ni ofisi kubwa, zina makarani na rejista za wateja za kukagulia migongano. Chumba kimoja cha Nakawa kitakagua kwa kitu gani?

Huko Ulaya walienda mbali zaidi. Mwaka 2010, katika kesi ya Akzo Nobel, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba katika uchunguzi wa ushindani wa biashara, mawasiliano ya kampuni na mwanasheria iliyemwajiri hayapati kinga ya siri ambayo mawasiliano na wakili wa nje huipata, kwa kuwa mwajiriwa hana uhuru ule ule. Sisemi tuige. Lakini ikiwa mtu mmoja ana barua za mwajiri na barua za wateja wake kwenye kompyuta moja, siku ukija msako, nani atazitenganisha?

Wakili, Jinja

Kesi ya 2017 uliyoitaja inanisaidia mimi. Walioondolewa hawakuwa waajiriwa wa pembeni, walikuwa mawakili wa kudumu. Kwa hiyo mgongano wa maslahi hauletwi na ajira. Unaletwa na kutokukagua.

Hilo la kompyuta, sina jibu.

Mfanyabiashara, Busia

Samahani, mimi si mwanasheria, nasoma tu. Nauza mitumba na nafaka mpakani. Mzigo wangu uliposhikwa na mtu niliyekuwa nashirikiana naye akakana deni, nilikwenda kwa mawakili wawili mjini. Wa kwanza alitaka fedha za kufungua faili kubwa kuliko deni lenyewe. Wa pili alizungumza nami Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Nikatoka nimeelewa neno "lipa".

Aliyenisaidia alikuwa wakili wa kampuni moja ya usafirishaji. Alinisikiliza Jumamosi, kwa Kiswahili, akaandika barua ya madai, tukakaa na yule mtu mara mbili, nikalipwa kwa mafungu. Hatukufika mahakamani. Mkimfungia huyo, mniambie mimi niende kwa nani.

Mwanzisha mada, Kampala

Mama wa Busia, nimesoma maneno yako mara tatu. Kazi aliyokufanyia ndiyo ile niliyosema inaweza kujadiliwa, na sasa natoka kwenye "kujadiliwa": iruhusiwe. Ila nikuulize, kama yule mtu angekataa kulipa na ikabidi mwende mahakamani, alikwambia ingekuwaje?

Mfanyabiashara, Busia

Alisema tangu siku ya kwanza. "Nikishindwa kwa barua, nitakupeleka kwa mwenzangu Tororo, mimi kortini siendi kwa sababu nina mwajiri." Na mwajiri wake alikuwa anajua, alinionyesha barua ya ruhusa.

Mwanzisha mada, Kampala

Basi huyo ameyafanya mambo mawili niliyoshindwa mimi. Alimwambia mteja, na alikuwa na ruhusa ya maandishi. Mkuu anayejua na kunyamaza hajakupa ruhusa yoyote. Siku mkikosana, ukimya wake utageuka barua ya kukufukuza.

Ndugu wa benki, la hofu ya kutolewa kazini sikulipa uzito wake, nakiri. Lakini mjane hawezi kuwa akiba yako ya uzeeni.

Mchangiaji mpya

Na wanasheria wa serikali je? Wao wanalipwa na kodi zetu.

Wakili, Jinja

Hiyo ni mada yake peke yake, ifungue.

Aliyemaliza LDC mwaka jana

Wakubwa, shikamooni. Nimepata ajira ya kwanza, kampuni ya ujenzi. Mkataba una maneno yale yale, "muda wote wa kazi". Nimepewa hadi Ijumaa kusaini. Mjomba wangu ana ofisi ya uwakili Ntinda, anataka niwe naisaidia kwenye hati za ardhi. Nikiuliza sasa, naogopa wataona sina moyo na kazi yao.

Mwanzisha mada, Kampala

Mwanangu, marahaba. Uliza kabla ya Ijumaa, na uulize kwa barua. Usiandike "kazi za pembeni" tu, wataogopa. Andika hivi: hati za ardhi na ushauri, nje ya saa za kazi, bila kesi, bila mteja anayefanya biashara na kampuni yenu au kugombana nayo, na kwamba utawapa jina la kila mteja mpya mwenyewe akikubali jina lake litajwe. Asiyekubali, usimchukue. Kampuni ya ujenzi inanunua ardhi kila mwezi, kwa hiyo mjomba aelewe kuna hati hutazigusa kabisa.

Wakikataa, utajua kabla ya kusaini. Na mafaili ya mjomba yakae kwenye kompyuta ya mjomba.