Gumzo la ukoo: Ami Salim atakula wapi Guangzhou, Uchina?

Ami Salim: Assalaam alaykum wana ukoo. Tiketi imetoka. Alhamisi, inshaallah, naingia Guangzhou na wenzangu watano. Rehema mwanangu, safari iliyopita tulishindia wali mweupe na samaki. Hebu tutafutie pahala pa nyama ya halali, tena pa kukaa watu wakafurahi.

Rehema: Waalaykum salaam. Shikamoo Ami. Pahala papo, na jana usiku nilikuwepo, tulimpongeza mwenzetu aliyemaliza chuo. Mkahawa wa Wauighuri, Waislamu wa Xinjiang, magharibi ya Uchina, upo mtaa wa Xiaobei hapa Guangzhou. Kondoo mtupu! Ikifika saa mbili ngoma inaanza palepale, katikati ya meza.

Ami Salim: Marahaba. Ngoma ya namna gani?

Rehema: (picha 3)

Rehema: Huyo wa kushoto anapiga dutar, nyuzi zake 2 tu, shingo ndefu. Mwenzake kashika dap. Ami, ukiliona utasema ni dufu la maulidi, ila kwa ndani limezungushiwa vipete vya chuma, mkono ukigonga ngozi navyo vinalia.

Zuhura: Bibi yuko hapa ananisomesha ujumbe wenu. Anauliza, hao wanawake wanaocheza wamejisitiri?

Rehema: Mwambie shikamoo Bibi. Wamejisitiri vizuri. Gauni refu la hariri ya atlas na kofia ya doppa iliyodariziwa. Mabega yametulia kimya, shingo ndiyo inayokwenda kulia na kushoto, vidole vinacheza, halafu dap likikaza wanazunguka mpaka unajiuliza hawaoni kizunguzungu? Mmoja alizunguka na bakuli kichwani, halikutikisika.

Rehema: Na si wanawake peke yao. Huko kwao Xinjiang, mji wa Kashgar, wanaume ndio wanaocheza sama siku ya Idi, kwenye uwanja mbele ya msikiti wa Id Kah.

Zuhura: Bibi anasema kama ni ngoma ya Idi, haina neno.

Shangazi Mwanaidi: Mie hiyo sahani ya picha ya pili. Ule si pilau?

Rehema: Ndio yenyewe Shangazi, wanaiita polo.

Shangazi Mwanaidi: Mbona ya njano hivyo? Wametia manjano?

Rehema: Hawakutia. Ni karoti. Nilimuuliza mpishi akanieleza hatua kwa hatua, maana nilijua utaniuliza. Nyama ya kondoo yenye mfupa inakaangwa kwenye mafuta mengi, kisha vitunguu, kisha karoti, nyingi kuliko unavyodhania, zimekatwa vijiti vinene. Wanapenda kuchanganya karoti za njano na nyekundu. Maji, chumvi, inachemka mpaka nyama iwive. Hapo ndipo mchele unamwagwa juu, na haukorogwi kabisa. Unawiva kwa mvuke, nyama na karoti ziko chini. Wakati wa kupakua ndio sufuria inageuzwa.

Shangazi Mwanaidi: Na bizari?

Rehema: Uzile tu. Hakuna karafuu, hakuna mdalasini wala hiliki. Wengine hutupia zabibu kavu.

Shangazi Mwanaidi: Pilau bila karafuu! Sasa harufu inatoka wapi?

Rehema: Kwenye mafuta ya kondoo na ule utamu wa karoti. Wallahi Shangazi, hutaitafuta karafuu. Xinjiang ni bara hasa, jangwa na milima ya theluji, bahari haipo karibu. Uzile unalimwa kwao wenyewe, kondoo wanafugwa kwao, basi wamepika kilichopo. Sisi karafuu tunazo mlangoni.

Shangazi Mwanaidi: Hapo nimekuelewa. Vitunguu wanavikausha vikawa vyeusi kama sisi?

Rehema: Hapana, vinalainika tu. Ndiyo maana wali hautoki wa kahawia.

Ami Salim: Nyama jamani. Mishkaki iko?

Rehema: Ipo Ami, kawap. Hawatii papai bichi wala tangawizi. Vipande vya kondoo na katikati pande la mafuta ya mkia, maana kondoo wao ni wale wa mkia mnene. Chumvi, pilipili na uzile vinanyunyizwa nyama ikiwa juu ya makaa, moshi wake unaanza kukufikia toka barabarani. Agizeni ile ya vijiti vya mti mwekundu wa jangwani, vipande vyake vikubwa. Na lile pande la mafuta msilitoe, ndilo linaloirowesha nyama ya jirani yake.

Ami Salim: Nimesikia na kondoo mzima anachomwa.

Rehema: Anachomwa. Anapakwa uji mzito wa viini vya mayai, unga na uzile, anatundikwa ndani ya tanuri la udongo, anatoka ngozi inavunjika kama biskuti. Lakini huyo unaagiza mapema, na watu sita hamummalizi. Bora kawap, polo, na samsa: zile zinabandikwa kwenye ukuta wa tanuri, ndani nyama, mafuta na vitunguu. Mzile zikiwa moto, zikipoa mafuta yanaganda.

Mama Mdogo: Salim hiyo presha yako unaisikia lakini?

Ami Salim: Naisikia. Nitakula kidogo.

Mama Mdogo: Rehema muagizie na tambi.

Rehema: Laghman! Tambi nene za kuvutwa kwa mkono, juu yake nyama, tungule na pilipili boga. Nitaagiza Mama. Na chai nyeusi, haina sukari.

Mama Mdogo: Vinywaji vyao je?

Rehema: Hapo muwe macho. Mikahawa mingi ya halali Uchina inauza bia. Na kuna kavas, inaletwa kwenye jagi, watu wanaichukulia soda ya asali, lakini imechachushwa. Mimi siigusi. Mtindi wao ni mzuri sana.

Hamadi (London): Nimewasoma toka juu. Naomba kusema jambo. Hawa ndio Wauighuri ambao ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti juu yao Agosti 2022, ikasema kuzuiliwa kwao huko Xinjiang huenda kukawa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Serikali ya Uchina imekataa. Sisemi msiende. Nasema tujue tumekaa kwa nani.

Ami Salim: Umesema kweli Hamadi.

Rehema: Kaka, hayo tuongee nikija likizo, ana kwa ana.

Hamadi (London): Sawa mdogo wangu, nimekufahamu. Niongeze moja tu kuhusu ngoma. Kwao chakula, muziki na kucheza havitenganishwi, mkusanyiko wenyewe unaitwa meshrep. Hapo ndipo kijana anapojifunza adabu za wakubwa wake, na hata aliyekosea hukosolewa mbele ya watu. UNESCO iliuingiza mwaka 2010 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Unachokiona hotelini ni kipande kidogo cha kitu kikubwa.

Shangazi Mwanaidi: Basi Salim, wakicheza acheni kuongea bei za matairi.

Rehema: Ahsante Shangazi. Jana meza ya jirani walikuwa wanapiga kelele za simu mchezo mzima, na yule kijana wa dutar ana mkono! Roho iliniuma. Tena Ami, waambie wenzako: picha za chakula wapige watakavyo, nyuso za wachezaji wasirushe mitandaoni. Hizi nilizotuma nyinyi nimeomba ruhusa, na naomba zisitoke humu.

Zuhura: Nimeshazifuta kwenye simu ya Bibi, alikuwa anataka kumtumia Bi Asha.

Ami Salim: Nitawaambia. Na tutawatunza wachezaji, inaruhusiwa?

Rehema: Muulize mwenye mkahawa kwanza. Wakikuita ucheze nao, inuka, usikatae. Kwao mgeni kukaa tu si vizuri.

Mama Mdogo: Salim kucheza? Hiyo video *irushwe*.

Ami Salim: Ijumaa je? Maana Jumamosi tuko sokoni mpaka usiku.

Rehema: Ijumaa inafaa. Mchana tukaswali Msikiti wa Xianxian, lipo kaburi ambalo wenyeji husimulia ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Ijumaa utawakuta Waafrika wengi, Waarabu, Wauighuri wenyewe, na mishkaki inachomwa nje. Msile mkashiba hapo!

Shangazi Mwanaidi: Mie niletee uzile wao, nusu kilo, nzima si ya kusaga. Na zabibu za Turpan. Jumapili ukirudi naipika hiyo polo, karoti nitakata mwenyewe.

Ami Salim: Bila karafuu?

Shangazi Mwanaidi: Bila karafuu. Nataka nijue.

Rehema: Nimepiga simu. Ijumaa saa moja na nusu usiku, watu 7, meza ya ukutani ili wachezaji wapate nafasi. Kawap 30 za vijiti vyekundu, polo sahani kubwa 2, samsa 10, laghman 1 ya Ami.

Mama Mdogo: Laghman 2.