Mgombea wangu anataka nimtoe ndevu zote kabla ya picha ya fomu. Nimnyoe?

Kinyozi wa Chikongola
Wakuu, habari za mchana. Mimi ni kinyozi hapa Mtwara mjini, mwaka wa 11 huu nashika mashine. Nina mteja wa siku nyingi, anauza salfa na dawa za mikorosho. Namwita mjomba ingawa hatuna udugu. Ndevu zake zinafika kifuani, na kila baada ya wiki mbili nampaka piko maana chini zimeshakuwa nyeupe.

Sasa anautaka udiwani. Jana kaja na vijana wake wawili, ndio washauri. Wanasema ndevu zitoke zote: wazee wanadhani anautaka ushehe, vijana wanamwona mkali, akina mama wa vikoba wanalalamika hawajui kama anacheka au amenuna.

Wasiwasi wangu ni wa kikazi. Ndevu za miaka 10 ukizitoa, ngozi ya chini haijaliona jua. Paji la uso jeusi, kidevu cheupe kama kimekopwa kwa mtu mwingine. Ongeza vipele vya siku ya pili. Na picha hiyo ndiyo inakwenda kwenye karatasi ya kura. Je, kuna mtu anapigiwa kura kwa ndevu kweli?

Mwl. Nachi
Kinyozi, huku kwetu Nachingwea FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi ya mafunzo. Babu yangu akitaka kumtaja Samora Machel hataji jina, anakishika kidevu chake tu, tunaelewa. Samora aliingia urais wa Msumbiji mwaka 1975 na ndevu zake, akafa nazo 1986. Mwalimu Nyerere alikuwa na kisharubu kidogo chini ya pua, basi. Wote walipendwa, na sijasikia mmoja akimwambia mwenzake apite kwa kinyozi. Mwache mzee wa watu.

Dada wa Mitwero
Mwalimu, hao walishakuwa viongozi, huyu ndiyo kwanza anaomba. Afadhali mfano wa Abraham Lincoln. Mwaka 1860 akiwa mgombea urais wa Marekani hakuwa na ndevu. Binti wa miaka 11, Grace Bedell, akamwandikia barua kwamba uso wake mwembamba mno, afuge, wanawake wanapenda ndevu na watawasumbua waume zao wampigie kura. Wanawake wenyewe kura hawakuwa nayo wakati huo! Lincoln akamjibu akiuliza kama watu hawataona ni madoido, mtu hajawahi kufuga halafu aanze leo. Akashinda, na akafuga. Alipopita na treni kijijini kwa yule binti 1861, akashuka kumsalimia na ndevu zake.

Lakini Marekani hiyohiyo, tangu Rais Taft, mwenye sharubu, atoke madarakani 1913, hakuna rais mwenye ndevu wala sharubu aliyechaguliwa. Thomas Dewey aligombea urais na sharubu zake 1944 na 1948, akaanguka mara zote mbili. Kwa hiyo kaka, swali la Lincoln ndilo la mjomba wako, ila kwa kugeuza: watu hawataona ni madoido kunyoa leo?

Mtoto wa Mikindani
Mnazunguka mpaka Marekani! Sisi tunaangalia kama alikuja msibani na kama salfa yake inafanya kazi. Kama aliwahi kununua korosho kwa kangomba, yaani kuwalangua wakulima kwa bei ya kutupa, hata ukimnyoa na nyusi watu watamjua tu.

Kinyozi wa Chikongola
Hahaha, Mikindani umenimaliza. Kangomba simjui nayo, salfa yake nimeitumia mwenyewe.

Mrejesho: kaja leo asubuhi peke yake, washauri kawaacha. Nikamshikia kioo, nikamzibia ndevu kwa taulo ili ajione alivyo bila hizo. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mjomba, huyu ni marehemu baba." Tukakubaliana nipunguze kwa namba tatu, nichonge shavuni, piko nisiiguse. Nyeupe zimebaki nyeupe. Akitabasamu sasa meno yanaonekana, akina mama wa vikoba washindwe wenyewe.

Nilipochukua ufagio akaniwahi. Akainama, akaokota nywele zote za sakafuni mpaka zile zilizoingia chini ya kiti, akazifunga kwenye gazeti na kulitia mfukoni. Wapinzani wake wanakaa mtaa huohuo. Kanilipa 5,000, chenji hakutaka.