Tupeane uzoefu: nyoka wa kayamba na kutembea na bastola huku jangwani Arizona

Mla Vumbi wa Buckeye

Wakuu salama. Nimesubiri mtu aianzishe hii mada naona kimya, basi naianzisha mwenyewe. Nimehamia Buckeye, magharibi ya Phoenix, nyumba za mwisho mwisho kabisa, ukuta wangu wa nyuma ndo mji unaishia hapo, ukivuka ni mawe na mipungate mpaka macho yachoke. Kazi yangu shifti ya usiku ghalani. Julai hii nimerudi saa kumi alfajiri, nafungua gereji nasikia kama mtu anakaanga vitumbua, ile mafuta yanavyolia ukimimina unga, nikasema hapa bomba la gesi linavuja, nikainama kutafuta. Loh! Nyoka kajikunja nyuma ya tairi la akiba, kama hatua mbili toka mguu wangu, na mimi nimevaa ndala. Kelele sikupiga maana sauti haikuwepo. Nilirudi kinyumenyume hadi barabarani nikakaa juu ya boneti mpaka kunapambazuka.

Jirani yangu, mzungu wa makamo, bastola haimtoki kiunoni hata akienda kutupa takataka. Kaniambia na wewe nunua, huku bila mguu wa kuku unajitafutia. Mama watoto kagoma katakata. Kwetu Singida nilizoea kifutu na swila na nilikuwa na fimbo tu, lakini hawa wa kayamba mkiani (rattlesnake) siwajui tabia. Mliokaa siku nyingi semeni yaliyowakuta nyie wenyewe, sio ya video.

Mama Wawili Tempe

Pole kaka. Yangu ni ya mume wangu, mwaka juzi Septemba. Alikuwa anahamisha vyungu vya maua pale barazani jioni jua limeshazama, akapitisha mkono nyuma ya chungu bila kuchungulia. Akasema ah nimechomwa na mwiba. Nyoka hata kayamba hakupiga, kwahiyo hii habari ya kwamba lazima atoe honi kwanza isahauni, akipenda analia asipopenda anakaa kimya anakung'ata.

Mimi nikakimbilia jikoni kutafuta kisu na kamba maana ndo nilivyokuzwa, chana, nyonya, funga juu. Bahati binti yetu mkubwa alikuwa ameshapiga 911, namba ya dharura ya huku, yule wa kwenye simu akakataza vyote, msichane, msifunge, msiweke barafu, mvueni pete sasa hivi kabla kidole hakijavimba, mkono utulie, anakuja mtu. Pete ilitoka kwa sabuni na machozi. Nikachukua kalamu nikachora mstari pale uvimbe ulipofikia na saa pembeni, kila robo saa mstari mpya, tulivyofika emajensi daktari aliiangalia ile mistari kabla hajamwangalia mgonjwa mwenyewe.

Vichupa 18 vya dawa. Siku tatu kitandani. Bili ya kwanza iliyokuja nyumbani ilikuwa na tarakimu sita nikaketi chini kwenye sakafu, bima ikalipa sehemu kubwa lakini mpaka leo tunamalizia kidogo kidogo, na ngumi haikunji vizuri. Bastola tunayo, ndio. Ilikuwa droo ya chumbani juu ghorofani. Ingemsaidia nini mtu aliyeng'atwa kidole nyuma ya chungu cha waridi?

Namba nyingine muiweke kwenye simu zenu ni 1-800-222-1222, ile ya mambo ya sumu, bure na wanapokea usiku na mchana. Hata kama mtoto kang'atwa na nge.

Nyarugusu mpaka Tucson

Bandugu, miye nacheka na kulia pamoja. Tulifika Tucson 2015 kutoka kambi ya Nyarugusu, na mama yangu alibeba jiwe jeusi ya nyoka ndani ya kitambaa, ile bamisioneri balileta kwetu zamani, kila familia Bukavu iko nayo. Mdogo wangu aling'atwa kwa kifundo akitembea usiku bila tochi, mama akabandika jiwe, ikashika, akasema muache ikunywe sumu. Ikashika saa nzima! Mguu ikafika kama wa tembo. Muuguzi pale hospitali alisema ile jiwe inakunywa damu na maji tu, sumu imeshaenda zake. Sasa mama hapendi tuseme hiyo mbele ya bageni. Jiwe bado iko sandukuni, sisi sote tunajua na hakuna anayeuliza.

Tochi. Kila mtu kwetu sasa iko na tochi mlangoni, hata kutupa taka tu. Kwa hii joto nyoka halali usiku, anatembea usiku kama sisi, mchana wa Julai hata yeye hawezi.

Dereva wa I-10

Nyarugusu umenikumbusha shangazi yangu na lile jiwe hahaha.

Mimi nakata I-10 toka El Paso mpaka Los Angeles mwaka wa saba huu. Lami inashika joto usiku, hawa jamaa wanakuja kulala juu yake kama paka juu ya jiko. Karibu na Lordsburg kule New Mexico nilisimama pembeni kuchimba dawa, saa sita usiku, nikashuka kwenye ngazi ya lori nikakanyaga kitu kinapinda. Namshukuru Mungu na buti za kazi, alipiga kwenye ngozi ya kisigino nikabaki na alama mbili za meno kwenye buti, sumu inatiririka kama ute wa yai. Nilirudi juu nikamalizia hitaji langu kwenye chupa, msiniulize zaidi.

Kuhusu bastola kwa madereva sikilizeni vizuri. Arizona mtu mzima wa miaka 21 asiye na makosa anatembea nayo hata imefichwa bila kibali, tangu 2010. Sawa. Ila ukivuka mto Colorado pale Ehrenberg umeingia California na California haitambui kibali cha jimbo lingine lolote, achilia mbali kutokuwa na kibali. Kuna jamaa tulikuwa tunapiga naye stori kila wiki, alikuwa nayo chini ya godoro la kulalia imejaa risasi, kakaguliwa. Kazi ikaisha siku hiyo hiyo na kesi juu yake. Kampuni nyingi zenyewe zinakataza tu hata kabla ya sheria. Na mkiwa El Paso msikosee njia mkajikuta daraja la Juárez na hata risasi moja imebaki kwenye kikombe cha gari, Meksiko hawana utani na hilo.

Ole wa Willcox

Supa. Mimi ni wa Kajiado, nachunga ng'ombe wa mtu huku Willcox, ranchi kubwa, naona nyoka kuliko naona watu. Arizona kuna aina 13 za hawa wa kayamba. Huku chini nakutana zaidi na wawili. Mmoja ana madoa ya almasi mgongoni na mkia kama pundamilia, nyeupe na nyeusi zimegawana sawa. Mwingine wa Mojave anafanana naye sana ila kwa mkia pete nyeupe ni pana kushinda nyeusi, na huyo wa Mojave sumu yake inaweza kushika mishipa ya fahamu, unaona pumzi inakataa. Usikaribie kuhesabu pete lakini, utakua umenielewa vibaya.

Nyoka haruki kama vile watu husema. Anapiga kama nusu ya urefu wake hivi. Sasa kama ni wa mita moja na nusu na wewe uko mita tatu, shida yako na yeye ni gani? Unasimama, unamtafuta kwa macho ujue yuko wapi, maana ukiruka bila kuona unaweza rukia mwenzake, unarudi polepole. Kwisha.

Kosa langu lilikuwa koleo la kuchimbia. Nilikata mmoja kichwa karibu na tangi la maji ya ng'ombe nikajidai mwanaume. Kichwa kikakaa pale kama dakika ishirini, mbwa akaenda kunusa, kikamshika pua. Kichwa bila mwili! Mbwa aliishi lakini uso ulivimba akawa kama kiboko. Texas mwaka 2018 kuna mtu kichwa kilichokatwa kilimng'ata mkononi akawekewa dozi 26. Na boss akaniambia hata kuua kwenyewe huku unatakiwa uwe na leseni ya kuwinda, na kuna aina chache hazigusiki kabisa. Sikujua. Kwetu nani anaomba leseni ya kuua nyoka?

Risasi Moja

Ngoja niaibike hapa kwa manufaa ya wote. Mimi nilipiga.

Nilikuwa nimenunua bastola ya milimita tisa, wiki ya pili, bado naionyesha wageni. Nyoka kaja uani kwetu mji wa Surprise, yuko kwenye mawe ya mapambo, mchana kweupe. Nikasimama kama mita nne, nikapiga, nikakosa, risasi ikagonga jiwe ikapiga kelele ile ya fiiiuuu na mpaka kesho sijui ilienda wapi. Vipande vya jiwe vikanichana kwenye muundi. Masikio yakalia siku mbili. Nyoka akaondoka zake taratibu kwenda kwa jirani, hata hakukimbia mshenzi yule.

Baada ya dakika kumi polisi. Huku kuna sheria inaitwa Shannon's Law ya mwaka 2000, ilikuja baada ya binti wa miaka 14 kufa Phoenix kwa risasi iliyopigwa hovyo hewani ikarudi chini, ukifyatua ndani ya mipaka ya mji kwa uzembe ni feloni, yaani kosa kubwa la jinai. Feloni wakuu, sio faini ya kuegesha gari. Kuna vighairi ikiwa mnyama anakushambulia kwelikweli lakini mimi na nyoka wangu tulikuwa mita nne na yeye anaota jua, ningemweleza nini hakimu? Nilishikwa mkono na wakili mzuri na pesa iliyokuwa ya kiwanja Kibaha. Kiwanja sina, bastola sina.

Wenye ujuzi wanatumia rivolva na zile risasi zenye chembe ndogo kama ulezi, zinasambaa, mita mbili tatu zinatosha kwa nyoka na hazirukiruki kama risasi nzima. Kwenye bastola ya magazini mara nyingi zinakwama. Lakini hiyo iwe nje ya mji kabisa, na mita mbili tatu ni karibu sana jamani, karibu kuliko unavyotakiwa kuwa.

Binti wa Superstition

Nitapingana kidogo. Napanda milima ya Superstition peke yangu kila Jumamosi kuanzia Oktoba na bastola ninayo kila safari. Sio ya nyoka. Nyoka nimewaona zaidi ya ishirini na sijawahi hata kuigusa, nawapigia hodi na fimbo ya kutembelea, nawapa njia, wanapita. Ni ya watu. Mwanamke peke yake, simu haina mtandao, gari lipo maili sita, kuna siku wanaume wawili walinifuata nyuma nikisimama wanasimama. Nilikaa juu ya jiwe nikafungua koti wakaona, wakakumbuka walikuwa na safari nyingine. Kwahiyo msiseme haina kazi.

Ila ina adha zake. Kiunoni mkanda wa begi unaikalia, mimi naivaa kifuani. Jasho linaila kutu usipoisafisha. Ukiiacha kwenye gari pale maegesho njia ya mlimani inapoanzia umemwachia mwizi. Na nyumbani kwenye watoto lazima kasiki, sio droo, samahani mama wa Tempe nasema kwa upendo.

Mama Wawili Tempe

Hujanikosea dada. Kasiki tulinunua wiki ile ile aliyotoka hospitali.

Mkaa Benchi

Kitu kimoja hamjakisema na kinaumiza watu wetu. Kabla ya kuuliza bastola gani, uliza wewe ni nani kwenye makaratasi. Mwenye grinikadi anaruhusiwa. Mwanafunzi mwenye visa ya kusoma kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, sheria ya shirikisho hiyo, Arizona iseme isemavyo, kuna kamlango ka leseni ya kuwinda lakini usikaingie bila wakili. Aliyeingia bila karatasi haruhusiwi kabisa. Kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi haijaisha? Wakili. Kijana mmoja wa kwetu alipelekwa jangwani na marafiki kulenga makopo, akapiga picha na bunduki ya watu, akairusha mtandaoni, na visa ya masomo. Hakufungwa, ila alifuta picha zote usiku huo na kuhama mji kwa hofu. Kosa la silaha linaweza kukuondolea hata hiyo grinikadi. Nyoka hakuondoi Marekani.

Mla Vumbi wa Buckeye

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Leo tena kaja, au ni yule yule, pale pale kwenye tairi. Safari hii niliwasha taa kwanza kabla ya kuingiza mguu. Nikamgongea yule jirani, akaja na kikoleo kirefu na ndoo yenye kifuniko cha kusokota, akamshika katikati ya mwili polepole kama anatoa chapati, akamtia ndooni, akaenda kumwachia kwenye mawe nyuma ya ukuta si mbali, anasema ukimpeleka mbali hajui maji wala mashimo anakufa. Dakika tano. Bastola ilikuwepo kiunoni muda wote ila hata hakuikumbuka. Nikamuuliza sasa ulinishauri ninunue ya nini, akacheka tu.

Kile kikoleo anasema kama dola 60, nani anajua duka la huku magharibi? Na ule mpira wa kuziba chini ya mlango wa gereji unaitwaje, wangu umeliwa na jua kuna uwazi wa vidole viwili.

Risasi Moja

Njoo inbox, ndoo na kikoleo ninavyo viwili viwili. Kifuniko kitoboe matundu lakini, nyoka wangu wa kwanza nilimsahau ndani.